Mnyonyore na Komwe: Ukoo Hautambuliki kwa Rangi

Kwenye uzio wa nyumba za Raskazone, mbele ya nyumba za wageni za Pangani na kando ya maduka ya Muheza, kuna kichaka kinachochanua karibu mwaka mzima. Maua yake ni mekundu yenye kingo za manjano, yamekaa ncha ya tawi juu ya majani madogo madogo laini, na katikati ya kila ua huchomoza nyuzi ndefu nyekundu zinazozipita petali kwa mbali. Baadhi yetu wa Pwani tunakiita mnyonyore. Wengi, hasa vijana, hawana jina lake. Kwao ni yale maua mekundu tu. Katika vitabu vya mimea ni Caesalpinia pulcherrima, wa familia ya mikunde, familia moja na kunde, mbaazi, choroko na karanga.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga, na mada ya uainishaji wa viumbe ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Najua wanafunzi wengi wanaichukia. Wanapewa orodha ya ngazi, himaya mpaka spishi, wanaikariri, wanaimwaga kwenye karatasi ya mtihani, na habari inaishia hapo. Kosa si lao. Tunawapa majina bila kuwaambia kwamba kila jina ni dai. Anayeuweka mnyonyore kwenye familia ya mikunde anadai kwamba mnyonyore na kunde vina babu mmoja, na kwamba babu huyo hakumzaa muembe wala mkorosho. Dai kama hilo linahitaji ushahidi, na ushahidi ukibadilika, dai nalo linabadilika. Mnyonyore umepitia mabadiliko hayo kwa karibu miaka 300, na kwa kuwa uko mlangoni kwa kila mtu, unafundisha somo hili kuliko mmea wowote ninaoujua.

Tuanze na ua lenyewe. Chukua tumba ambalo bado halijafunguka, lile lililonona ambalo kesho asubuhi litakuwa ua. Lipasue taratibu kwa sindano. Nje kuna sepali tano, yaani vijani vinavyolifunika tumba, na ya chini kabisa ni kubwa kuliko wenzake, imejikunja na kuwafunika kama kofia. Iondoe. Ndani utakuta petali tano. Nne zinafanana: pana, zimekunjamana kingo, kila moja imesimama juu ya kishina chembamba. Ya tano, ile ya juu, ni ndogo, na kishina chake kimejiviringa kikawa mrija. Sasa angalia mpangilio: hiyo petali ya juu iko ndani kabisa, nyingine zote zimeizunguka. Kuna nyuzi kumi za chavua zilizojikunja kwa kukosa nafasi, na katikati yake kiganda kichanga cha kijani, chembamba, ambacho baadaye kitakuwa ganda la mbegu.

Ukimaliza, fanya hivyo hivyo kwa ua la mbaazi. Petali ya juu ya mbaazi ndiyo kubwa kuliko zote, na kwenye tumba iko nje kabisa, imewakumbatia wenzake. Kinyume kabisa cha mnyonyore. Kisha chukua tumba la kaliandra au la mlusina. Hapo petali ni ndogo sana, na hazipandani. Kingo zake zimegusana tu. Ile rangi inayoonekana kwa mbali si ya petali, ni ya nyuzi za chavua.

Kwa tofauti hizo tatu za tumba, pamoja na nyingine, wataalamu waliigawa familia ya mikunde katika makundi matatu makubwa kwa muda mrefu sana: la mbaazi, la mnyonyore, na la kaliandra. Ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na zaidi ya spishi 12,000, ilifuata mgawanyo huo huo: kitabu cha kundi la kaliandra kilitoka mwaka 1959, cha kundi la mnyonyore mwaka 1967, cha kundi la mbaazi mwaka 1971. Kwa mtu wa porini mwenye sindano na kioo cha kukuzia, mgawanyo ule ulikuwa unashikika. Bado nauheshimu, na bado naufundisha kwa mikono kabla ya kufundisha kitu kingine chochote.

Rangi haimo katika ushahidi huo. Hili huwashangaza wanafunzi, kwa kuwa rangi ndiyo ya kwanza kuonekana. Tuna mimea mingi ya mikunde yenye maua mekundu. Mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica, una maua mekundu makali, lakini ni wa kundi la mbaazi. Kaliandra, ambayo wafugaji wa milimani hupanda kwa ajili ya malisho ya ng'ombe wa maziwa, ina nyuzi nyekundu. Mkrismasi unawaka barabara nzima kuanzia Novemba. Wekundu umejitokeza kwa kila mmoja kwa njia yake, na kila mmoja una mgeni wake. Mwamba-ngoma unahudumiwa na ndege, akina chozi wenye midomo mirefu. Kaliandra hufungua maua jioni ikisubiri popo na nondo. Mnyonyore ni wa vipepeo wakubwa. Kipepeo anakuja kufyonza utamu ulioko chini ya ule mrija wa petali ya juu, na kwa kuwa nyuzi za chavua zimechomoza mbali, mabawa yake yanapopiga yanazigusa. Chavua husafiri kwenye mabawa. Huku kwetu, penye michungwa na midimu ya Muheza, yule kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano ambaye viwavi wake hula majani ya michungwa haadimiki, na ukisimama kidogo mbele ya mnyonyore saa nne asubuhi utamwona akipitia ua baada ya ua.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulichukulia kwamba linakuja na ukoo: kurutubisha ardhi. Ukisema mmea ni wa mikunde, mkulima anajibu kwamba basi unaongeza mbolea. Kwa kunde, karanga, kaliandra na mlusina ni kweli. Ng'oa mche taratibu utaona vinundu kwenye mizizi, ndani yake mna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Mnyonyore hauna vinundu hivyo. Mkrismasi nao hauna. Familia ni moja, lakini si kila mtoto amerithi kila kitu. Panda mnyonyore kwa uzuri wake na kwa vipepeo; usiupande ukitegemea mahindi yako yatanufaika.

Sasa majina. Mnyonyore asili yake si huku. Ni mmea wa Amerika ya kitropiki, ukasambazwa na watu mpaka ukaenea nchi zote za joto. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuita Poinciana pulcherrima. Mwaka 1791 Olof Swartz, naye Msweden, akaona kwamba haustahili jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya peke yake, akauhamishia Caesalpinia, jenasi iliyopewa jina la Andrea Cesalpino, tabibu na mtaalamu wa mimea wa Italia aliyefariki mwaka 1603. Jina hilo ndilo linalotumika mpaka leo.

Lile jina la kwanza, Poinciana, lilimtukuza de Poincy, aliyekuwa gavana wa visiwa vya Ufaransa kule Karibi katika karne ya 17, mmiliki wa watumwa. Jambo hili silipiti kimya darasani. Kabla ya Linnaeus, mchoraji na mtafiti wa wadudu Maria Sibylla Merian alikaa Surinam kuanzia mwaka 1699 hadi 1701. Aliuchora mmea huu, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1705 aliandika alichoambiwa na wanawake wenyewe waliokuwa utumwani: kwamba walitumia mbegu zake kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe watumwa. Ni matumizi ya hatari, na mtu yeyote asiyajaribu. Lakini yafikirie kidogo ukiwa Pangani au Bagamoyo, miji ambayo watumwa walipitishwa kwenda kupakiwa majahazini. Waliokuwa wanaujua mmea huu kwa undani, mpaka nguvu ya mbegu yake, ni wanawake wale. Aliyeandikwa kwenye jina ni gavana. Naona mwanafunzi wa Tanga ana haki ya kuyajua yote mawili pale anapojifunza jina la kichaka kilicho mbele ya darasa lake.

Mkrismasi nao ulipita kwenye jina hilo hilo. Ulipotangazwa mwaka 1829 uliitwa Poinciana regia, kwa sababu ua lake linafanana na la mnyonyore kwa mtazamo wa haraka. Mwaka 1837 mtaalamu wa mimea Rafinesque akaunda jenasi ya Delonix, na mkrismasi ukaishia humo. Kwao asili ni Madagaska, jirani zetu wa bahari. Kwa hiyo ukiwaona mnyonyore na mkrismasi wamesimama pamoja kwenye uwanja mmoja wa Chumbageni, wote wekundu, wote wenye majani yaliyogawanyika mara mbili, ujue mmoja ametoka upande wa pili wa dunia na mwingine ametoka hapo ng'ambo. Ni wa nusufamilia moja, ngazi iliyo chini ya familia, lakini wa matawi tofauti.

Jirani wa karibu zaidi wa mnyonyore kwa miaka mingi alikuwa mmea ambao hakuna mtu angeudhania: komwe. Ninazungumzia komwe zile zile za bao, mbegu za kijivu, ngumu, zinazong'aa kwa kushikwa, sitini na nne kwenye ubao wa mashimo thelathini na mawili. Mmea wake ni mtambazi wenye miiba unaoota ufukweni juu kidogo ya alama ya maji kujaa. Maua yake ni ya manjano, madogo, si ya kupamba mtu uwanja. Ganda lake limevimba na limejaa miiba kila upande, na ndani kwa kawaida hukaa mbegu moja au mbili. Linnaeus aliuita Guilandina bonduc mwaka 1753. Baadaye ukaingizwa Caesalpinia, na tangu hapo vitabu vingi vikaufanya ndugu wa jenasi moja na mnyonyore.

Nilikwenda kwenye baraza moja ya Ngamiani wanapocheza bao jioni, nikitaka komwe ya kuwaonyesha wanafunzi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwalimu. Leo unacheza au unatazama?"

"Naomba komwe moja, nikawaonyeshe watoto. Tunajifunza ndugu zake."

"Ndugu zake akina nani?"

Nikamwambia vitabu vya zamani vinauweka mmea wa komwe pamoja na mnyonyore. Akaacha kusambaza kete, akanitazama.

"Ule wa maua mekundu? Hapana, mwalimu. Ganda la mnyonyore ni bapa, likikauka linapasuka paa, mbegu zinaruka. Hili la komwe lina miiba, limefura, wala halirushi kitu. Mbegu inakwenda na maji. Mimi hizi nyingine nimeziokota Mwahako, zimeletwa na bahari."

Yale aliyoyataja mzee yule ndiyo mambo wanayoyatazama wataalamu. Ganda la mnyonyore kweli ni bapa, jembamba, lenye urefu wa kidole au zaidi, na likikauka nusu zake mbili hujipinda kwa nguvu na kuzirusha mbegu. Komwe inaelea. Gamba lake halipitishi maji, na inaweza kukaa baharini muda mrefu sana kisha ikatupwa ufukweni na kuota. Ndiyo maana mmea huu uko kwenye fukwe za nchi za joto dunia nzima. Na kuna tofauti nyingine ambayo inahitaji kuchunguza maua: mnyonyore una sehemu za kiume na za kike ndani ya ua moja, wakati mimea ya komwe ina ya kiume na ya kike mbalimbali.

Mwaka 2016 jambo hili lilimalizwa, angalau katika ngazi ya jenasi. Timu iliyoongozwa na Edeline Gagnon, pamoja na Anne Bruneau, Colin Hughes, Gwilym Lewis na wenzao, ililinganisha vinasaba vya mimea ya kundi zima la Caesalpinia, lenye takriban spishi 200, wakaviweka sambamba na maumbile ya maganda, maua na miiba. Ilionekana wazi kwamba ile Caesalpinia kubwa ilikuwa mkusanyiko wa koo nyingi zisizotoka tumbo moja. Wakaigawa. Kundi lote likawa na jenasi 26. Komwe ikarudishiwa jina lake la mwaka 1753, Guilandina bonduc. Ule mmea wa miiba wenye maua ya manjano ambao hutumika kama uzio nchi za milimani, zamani Caesalpinia decapetala, ukawa Biancaea decapetala. Mti maarufu wa Brazili, uliotoa rangi nyekundu ya vitambaa na kuipa nchi ile jina lake, ukapewa jenasi yake yenyewe: Paubrasilia echinata.

Je, mnyonyore ulihamishwa? Hapana, na sababu yake inafaa kueleweka. Katika sheria za majina ya mimea, kila jenasi ina spishi moja iliyofungwa nayo, inayoitwa spishi kielelezo. Jenasi ikigawanywa, jina la zamani hubaki na upande ulio na kielelezo hicho, hata kama upande huo una spishi chache. Kielelezo cha Caesalpinia ni Caesalpinia brasiliensis, ambayo licha ya jina lake ni mmea wa visiwa vya Karibi. Vinasaba vilionyesha kwamba mnyonyore ni ndugu yake wa karibu. Basi mnyonyore ukabaki ndani ya nyumba pamoja na spishi nyingine chache, zisizofika hata kumi, na wengine wote wakatoka.

Mwaka uliofuata, 2017, mabadiliko yakapanda ngazi ya juu zaidi. Kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa mikunde kililinganisha jeni moja ya kloroplasti (chembe za kijani za jani) kutoka spishi 3,696, sehemu kama ya tano ya spishi zote za familia, zinazokadiriwa kufikia 19,500. Yale makundi matatu ya zamani hayakusimama. Familia sasa ina nusufamilia sita. Kundi la mbaazi lilibaki kama lilivyokuwa. Kundi la mnyonyore ndilo lililovunjika: mkwaju na msandarusi wakaenda nusufamilia ya Detarioideae, msegese na ndugu zake wakaenda Cercidoideae, na matawi mengine mawili madogo yakapewa nafasi zao. Kaliandra, mlusina na migunga yote, waliokuwa na kundi lao la tatu, waligundulika kuwa ni tawi lililochipuka ndani ya ukoo wa mnyonyore wenyewe. Kwa hiyo leo mnyonyore na kaliandra ni wa nusufamilia moja, na mkwaju, ambao tulizoea kuuweka na mnyonyore kwa sababu ya tumba la ua lake, uko nje.

Kila ninapofika hapo darasani mikono huinuka. Kwa nini tulipe nauli ya kujifunza majina yanayobadilika? Swali hili nalipenda, na jibu langu huwa ni kuwapeleka Amani, kwa gari inapowezekana na kwa maneno isipowezekana.

Amani iko juu ya Muheza, ndani ya misitu ya Usambara Mashariki. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia ya joto, mingine ingali imesimama. Pia walikusanya mimea ya hapa: tawi linakatwa likiwa na ua au tunda, linabanwa katikati ya karatasi, linakaushwa, linaandikwa lilipotoka na tarehe. Nakala bora zilipelekwa Berlin, ambako wataalamu kama Hermann Harms, aliyeshughulika sana na mikunde, walizipa majina. Mti mmoja wa Usambara Mashariki wa familia hii, Englerodendron usambarense, aliutangaza yeye mwaka 1907. Kila jina kama hilo limefungwa na tawi moja halisi lililokaushwa. Ukitaka kujua jina linamaanisha mmea upi hasa, unakwenda kulitazama tawi hilo.

Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliangukia hebaria ya Berlin, hifadhi ya matawi hayo yaliyokaushwa, ikaungua. Matawi kielelezo ya mimea mingi ya Tanganyika yaliteketea. Nikiwaza juu ya usiku ule huwa naumia kweli, maana yale hayakuwa makaratasi ya Berlin tu. Ilikuwa misitu yetu, milima yetu, na jasho la watu wa Usambara waliopanda miti na kubeba mizigo ambao majina yao hayakuandikwa kwenye lebo. Kilichookoa hali ni nakala. Wakusanyaji walikuwa na desturi ya kukata matawi kadhaa ya mmea mmoja na kuyagawa, kwa hiyo mengine yalikuwa London na kwingineko, na mengine yalibaki Amani hapa hapa. Mkusanyiko wa Amani, uliotunzwa na kukuzwa kwa miaka mingi na Peter Greenway, ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950 na kuwa msingi wa Hebaria ya Afrika Mashariki. Kila mara mtaalamu anapotafuta kielelezo mbadala cha mmea wa Usambara, nakala hizo ndizo anazozitegemea.

Ndiyo maana sikubali kwamba kubadilika kwa majina ni udhaifu. Jina lilibadilika kwa sababu mtu alirudi kwenye tawi, akalitazama upya kwa macho, kwa kioo, sasa kwa vinasaba, na akasema alichokiona. Tanga imeyaona haya kabla ya mnyonyore. Yale maua madogo ya zambarau ya Usambara, ambayo sasa yanapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, yalitokana na mbegu zilizopelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa wilaya hapa Tanga wakati wa utawala wa Kijerumani. Mwaka 1893 yalitangazwa kwa jina la Saintpaulia. Mwaka 2015 vinasaba vikaonyesha kwamba yanatoka ndani ya jenasi ya Streptocarpus, na huko ndiko yalikoingizwa. Maua yenyewe hayakupoteza kitu, na sisi tukajua ndugu zao.

Kuna mabadiliko ambayo siyafurahii, na nayasema waziwazi. Jenasi ya Acacia ilipogawanywa, mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea wa Vienna wa mwaka 2005 uliamua jina libaki na mimea ya Australia, na mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ukauthibitisha uamuzi huo. Migunga ya Afrika ikagawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Kisayansi kugawanya kulikuwa sahihi. Lakini kielelezo cha awali cha Acacia kilikuwa mgunga wa Afrika, na kwa kanuni ile ile iliyoubakiza mnyonyore nyumbani, jina lilistahili kubaki huku. Waliopiga kura walitazama wingi wa spishi za Australia. Bado naona Afrika ilipoteza hapo kilichokuwa chake. Mkutano wa Madrid wa mwaka 2024 nao ulifanya jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote: uliamua kwamba majina yote ya mimea yenye neno caffra, tusi walilotukanwa watu weusi wa kusini mwa Afrika, yaandikwe affra. Mwenzake mwamba-ngoma wetu, mti mwekundu wa kusini uliokuwa Erythrina caffra, sasa ni Erythrina affra.

Nirudi kwenye komwe, kwa sababu huko bado kuna kazi, na ni kazi inayoweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Jenasi ya Guilandina imepatikana, lakini mipaka ya spishi ndani yake haijanyooka. Mbali na Guilandina bonduc ya ufukweni, Afrika Mashariki ina Guilandina volkensii ya kingo za misitu, ambayo inatumika kama dawa ya asili, na ipo pia Guilandina major. Mbegu zake huchanganywa sokoni. Ukimpelekea mtaalamu mbegu tupu, hata iwe nzuri namna gani, umempa ushahidi mdogo. Anachohitaji ni tawi zima: jani lake lote mpaka linapoungana na shina, kwa sababu pale kwenye maungio Guilandina bonduc ina vijani viwili vikubwa vilivyogawanyika, na Guilandina major haina. Anahitaji ua, na kwa kuwa mimea ya kiume na ya kike iko mbalimbali, ni vizuri kukata kutoka mmea zaidi ya mmoja. Anahitaji ganda likiwa na miiba yake.

Kwa hiyo wanafunzi wangu, na yeyote mwingine aliye kati ya Moa na Pangani, mkienda pwani chukueni mkasi, glavu nene na magazeti ya zamani. Tandazeni tawi kwenye gazeti, jani moja ligeuzwe lionyeshe upande wa chini, bandikeni karatasi yenye mahali, tarehe, umbali kutoka maji yanapofika, rangi ya ua, na jina ambalo watu wa kijiji hicho wanalitumia. Badilisheni magazeti kila siku mpaka tawi likauke, la sivyo litaota ukungu. Kateni nakala mbili: moja ibaki shuleni, moja iende Hebaria ya Taifa kule Arusha.